Polisi aliyeomba picha: Hideo Azuma na uhalisia aliouondoa

Polisi wamemkamata mzururaji. Ananuka, nguo zimegandamana na uchafu, na ametoka kwenye kichaka alichokifanya nyumba baada ya kutokomea kwake Novemba 1989. Kituoni wanamhoji jina lake, wanalipata miongoni mwa watu wanaotafutwa na familia zao, na hapo askari mmoja anashtuka. Huyu si mzururaji wa hivi hivi. Huyu ni Hideo Azuma, mchoraji wa manga, katuni za Kijapani, ambaye askari mwenyewe ni shabiki wake.

Askari anamsikitikia. Sensei, anasema akimwita mwalimu kwa heshima, imekuwaje ukafika huku?

Kisha analeta ile kadi nyeupe ngumu ambayo wachoraji wa Japani huwachorea mashabiki, anamwomba amchoree picha, na pembeni aandike neno moja: ndoto.

Azuma anaandika.

Kila anayekisimulia kitabu chake, *Shissō Nikki*, yaani shajara ya kutoweka, huutaja ukurasa huu, na karibu kila anayeutaja anacheka. Wiki kadhaa sasa ukurasa wenyewe umenikaa kichwani. Si kwa sababu kicheko ni kibaya. Yule askari ndiye msomaji wa kwanza ndani ya kitabu chenyewe: mtu anayeyaona maisha ya mchoraji yamevunjika mbele yake, anaumia kwa dhati, halafu anaomba picha. Sisi wengine tuliokinunua kitabu, tukakisifu na kukipa tuzo, tulifanya kipi tofauti na yeye?

## Onyo lililowekwa mlangoni

Kitabu kilitoka 2005 kwa wachapishaji East Press. Mwanzoni kabisa, kabla hata hajaanza kutembea gizani, Azuma anamgeukia msomaji na kumpa masharti: manga hii inayatazama maisha kwa mtazamo chanya, kwa hiyo uhalisia umeondolewa kadiri ilivyowezekana. Uhalisia, anasema, ni mgumu kuuchora, na tena unatia giza.

Baada ya hapo anaanza. Kutoweka mara ya kwanza, 1989. Kutoweka mara ya pili, 1992, alipoishia kuwa kibarua wa kulaza mabomba ya gesi. Mwishowe wodi ya walevi, alikopelekwa na familia yake 1998 wakati mwili ulikuwa umeshindwa kabisa kukaa bila pombe.

Mwaka huohuo wa 2005 kitabu kikatwaa tuzo kuu ya Chama cha Wachora Katuni wa Japani na ile ya tamasha la sanaa la taifa, na 2006 kikachukua tuzo kuu ya manga inayobeba jina la mchoraji mashuhuri Osamu Tezuka. Tuzo kuu tatu kwa kitabu kimoja, cha mtu aliyekuwa akiokota vipisi vya sigara.

Ajabu ni kwamba sifa aliyopewa zaidi ni ukweli wake. Mtu amekuambia mlangoni kwamba kuna kitu amekitoa, wewe unatoka nje ukisema hujawahi kuona kitabu kisichoficha kitu.

## Uhalisia unaondolewaje

Hapa inafaa kushuka kwenye karatasi, maana watu husema "ameichora kwa ucheshi" kana kwamba ucheshi ni chumvi ya kunyunyizia juu. Ni kazi ya ufundi, na unaweza kuifuatilia kwa kidole.

Anza na mwili. Mtu mzima akisimama wima, urefu wake ni kama vichwa saba. Azuma anajichora mfupi, kama vichwa vitatu hivi: kichwa duara, tumbo duara, miguu mifupi. Mwili wa kipimo hicho haukondi. Unaweza kumwambia msomaji kwamba mtu huyu hajala siku kadhaa, lakini mbavu hazitaonekana, kwa kuwa mbavu hazina pa kukaa.

Halafu umbali. Visanduku vingi vinamwonyesha kuanzia utosini hadi unyayoni, pamoja na kipande cha ardhi alichosimamia. Hakuna uso uliojaza kisanduku, jicho moja na chozi likining'inia. Wachoraji wanajua nguvu ya uso wa karibu: unamlazimisha msomaji ahisi pamoja na mhusika, atake asitake. Ukimrudisha mhusika nyuma hadi miguu ionekane, msomaji anapata nafasi ya kutazama mikono yake inafanya nini. Anaokota nini? Anakiweka wapi? Anakilaje?

Kisha mwendo. Vipindi ni vifupi, na kila kimoja kinafungwa kwa mzaha. Jaribio la kujiua, ambalo mwandishi mwingine angelipa sura nzima, linapita katika visanduku vichache na kuishia kwa mhusika kupitiwa na usingizi wa ulevi. Unageuza ukurasa, tayari anatafuta chakula.

Mchoraji chipukizi anayechora maumivu yake kwa kawaida hufanya kinyume cha haya yote. Anakaribisha uso, anamwaga wino mweusi nyuma ya mhusika, anaandika "nilihisi" kila kisanduku cha pili. Kinachoharibika hakihusiani na ukweli wa maumivu yenyewe. Kisanduku cheusi hufanya kazi kwa sababu jirani yake ni cheupe. Kurasa kumi zikiwa nyeusi zote, jicho linazoea, na kilio cha ukurasa wa kumi na moja kinasomeka kama mapambo ya ukuta. Tena karatasi ya kuchorea manga ni ya ukubwa wa B4, na mchoro unapunguzwa ukichapishwa kitabuni. Mistari myembamba iliyosongamana kuzunguka macho ya huzuni hugeuka doa la wino. Mstari wa Azuma ni wa duara na una hewa pande zote. Ukipunguzwa hauharibiki, hata kwenye simu.

## Walichosema wasomaji

Wapo waliocheka wakaishia hapo. Sioni sababu ya kuwalaumu, mwenye kitabu ndiye aliyetaka.

Wapo waliokisoma kama mwongozo wa kuishi nje. Ukisoma kwa jicho hilo kitabu kina mali nyingi: figili kubwa nyeupe za kung'olewa shambani usiku, mapipa ya taka ya maduka, vipisi vya sigara vya kukusanya, mabaki ya pombe kutoka chupa mbalimbali yakichanganywa pamoja. Yapo hata matofaa yaliyooza ambayo, kwa kuwa yanachacha, yanatoa joto la kupasha mikono. Sijui mwandishi gani wa riwaya angeweza kulibuni hilo la matofaa. Ni jambo la mtu aliyeshika.

Wapo waliokasirika. Hawa nawasikiliza kwa makini zaidi, kwa sababu swali lao ni rahisi na halijibiwi na tuzo yoyote: mtu ana mke na watoto, ametokomea mara mbili, na tunaambiwa tufurahie anavyopika?

Na lipo kundi la nne, dogo lakini ndilo lililonibadilishia usomaji wangu wote: watu waliowahi kuwa waraibu wa pombe, na watu wanaowauguza.

Hao hawakuona kitabu cha kuchekesha kilichoficha uchungu. Waliona vipimo sahihi. Mlevi wa muda mrefu akikata pombe ghafla, mitetemeko huanza ndani ya saa chache, na kuweweseka kukubwa, kule kwa kuona visivyokuwepo, mara nyingi hufika kati ya saa 48 na 72. Kwenye wodi kuna dawa inayozuia mwili kuisafisha asetaldehidi, ile sumu ambayo ini huitengeneza kutokana na pombe. Ukinywa pombe juu ya dawa hiyo uso unaiva, moyo unakwenda mbio, unatapika na kutamani ardhi ipasuke. Dawa haiondoi hamu hata chembe. Inaweka woga tu mahali pa hamu. Aliyepita humo anapomwona Azuma mdogo wa duara akitetemeka na kuzungukwa na viumbe visivyokuwepo, hahitaji kuambiwa kwamba inatisha. Anajua.

Hapo ndipo ile sentensi ya mlangoni ilipogeuka mikononi mwangu. Azuma ameondoa uhalisia wa sura, akaacha uhalisia wa mambo. Majonzi yametolewa, vitu vimebaki pale pale: nini kililiwa, kilipatikana wapi, kilikuwa na joto kiasi gani. Aliyewahi kufika anajaza majonzi mwenyewe. Asiyewahi kufika anacheka, na kicheko chake hakimdhuru mtu.

Msomaji wetu aliyekulia na vikatuni vya magazetini atakiona kitendawili hiki haraka, kwa sababu mlevi wa katuni anamfahamu vizuri: yule anayeyumba na chupa mkononi, akiropoka ukweli ambao wenye akili timamu wanauogopa. Mlevi huyo huchorwa na mtu mwingine, mzima. Azuma ni mlevi wa katuni aliyeshika kalamu mwenyewe.

## Njia nyingine ya kujificha

Ulinganisho mmoja unasaidia. Yoshihiro Tatsumi, mtu aliyelipa jina tawi zima la manga za watu wazima, gekiga, alichora maisha yake katika kitabu cha kurasa zaidi ya 800 kinachoanzia 1945, vita vilipokwisha, hadi 1960. Alianza kukichora 1995 na kikamchukua zaidi ya miaka kumi. Kilipata tuzo hiyohiyo ya Tezuka 2009.

Tatsumi hakutoa kitu. Yamo majarida, wahariri, ugomvi wa wachoraji vijana wa Osaka, vitabu vilivyochapishwa kwa ajili ya maduka ya kuazimisha. Malalamiko makubwa ya wasomaji wake yanatokana na hapohapo: majina mengi mno, na huyu kijana mwenyewe yuko wapi, anahisi nini? Mhusika mkuu haitwi Tatsumi. Anaitwa Hiroshi Katsumi.

Kwa hiyo mmoja aliweka kila jambo na kubadili jina lake. Mwingine aliliacha jina lake na kupunguza mambo. Wa kwanza akaambiwa ni mkavu, wa pili akaambiwa ni mkweli. Kwa maoni yangu kitabu cha Tatsumi kimeonewa: maisha ya mchoraji ni kurasa, malipo na makataa, na ukiyatoa hayo kinachobaki ni hekaya ya msanii mwenye kipaji. Lakini huo ni ubishi wa siku nyingine.

## Kikao kisicho na majibu

Sehemu ya wodi, ambayo Azuma aliirudia na kuipanua katika kitabu cha pili kilichotoka 2013, ina mikutano mingi. Wagonjwa wanapelekwa kwenye vikao vya watu walioacha pombe, na Japani kuna aina mbili kubwa.

Aina ya kwanza ni ile ya kimataifa isiyotaja majina. Unakaa, zamu yako ikifika unasema, kisha unanyamaza. Hakuna anayekujibu. Hakuna ushauri, hakuna pole, hakuna "hata mimi", hakuna kukosolewa. Anayefuata anasema yake. Wageni huiona kanuni hii kuwa ya kikatili, lakini sababu yake ni ya kivitendo: ukijua utajibiwa, unaanza kutengeneza hadithi ya kumfurahisha mjibu. Mlevi ni bingwa wa hadithi za namna hiyo, amezisimulia nyumbani miaka mingi. Ondoa jibu, na hadithi inakosa mnunuzi.

Aina ya pili ni ya Kijapani, Danshukai, ambayo shirikisho lake la taifa liliundwa 1963. Huku unataja jina lako halisi, na familia inakuja. Mke anakaa ukumbini, na zamu yake ikifika anasema naye. Mume anasimulia usiku aliopigana, kisha mke anasimulia usiku uleule. Watu wengi hugundua hapo kwamba hawakuwa wakisimulia usiku mmoja.

Sasa kiweke kitabu cha Azuma katikati ya vikao hivi viwili. Jina lake limo, tena kwa herufi kubwa jaladani. Familia haimo. Na majibu yanaruhusiwa, kutoka kwa nchi nzima.

Alichukua kile ambacho vikao vyote viwili vilijaribu kukizuia: kusema kwa jina lako, mwenye usiku wa pili akiwa kimya, mbele ya watu watakaokupigia makofi.

## Mke

Katika kitabu cha kwanza mke wa Azuma ni kama mlango unaosikika ukifungwa. Yupo. Ndiye aliyeripoti kupotea, ndiye anayekuja kumchukua. Aliwahi hata kumsaidia kazi za kuchora. Ila kisanduku chake hakipo, kisanduku ambacho yeye ndiye anayetazama na mume ndiye anayetazamwa.

Waliokasirika wanasema huu ni woga. Nilikuwa karibu kukubaliana nao, lakini kila nikijaribu kukichora kichwani kitabu wanachokitaka, kinakwama. Nani angemchora? Azuma huyohuyo. Angemchora kwa mwili wa vichwa vitatu, kwa duara, akiwa amekasirika kwa namna ya kuchekesha, na kipindi kingefungwa kwa mzaha kama vingine. Mbinu ile ile inayomfaa anayejicheka mwenyewe ingekuwa dhuluma kwa mtu ambaye hakukubali kuchekwa. Njia nyingine ingekuwa kumchora kwa uhalisia, chozi na yote, halafu kitabu kingepasuka vipande viwili.

Kumwacha nje ilikuwa ndiyo heshima iliyopatikana ndani ya mbinu ile. Heshima pungufu, lakini ipo.

Kwa hiyo kosa, kama lipo, naliona upande wetu zaidi. Tulipokiita kitabu ukweli mtupu, tulimfuta yule mke mara ya pili, safari hii bila masharti ya mlangoni. Na kuna upande mwingine wa Azuma ambao sifa hizo huupita. Azuma alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa *Cybele*, jarida la mashabiki la 1979 lililofungua mlango wa michoro ya kingono ya wasichana wadogo ambayo Japani inaibishania hadi leo. Msomaji wa ng'ambo anayemjua kwa shajara hii tu anakutana na mzee mpole wa vichwa vitatu, na hana sababu ya kuuliza.

## Aliyeijaza familia kitabuni

Njia ambayo Azuma hakuipita ilipitwa miaka kumi baadaye. Kabi Nagata, mchoraji mwingine wa manga, alianza 2015 kwa kuweka mtandaoni, kwenye Pixiv, kurasa kuhusu upweke wake, mwili wake na uhusiano wake na mama yake. Mwaka 2016 zikawa kitabu, kwa wachapishaji walewale East Press, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza. Wasomaji walikimiminikia. Wengi waliandika kwamba wamejiona humo.

Wazazi wake nao wakakisoma, na wao pia walijiona humo.

Vitabu vyake vilivyofuata vimejaa matokeo yake: wazazi walioumia, yeye mwenyewe kujuta, nia ya kuachana na manga za maisha yake na kuchora hadithi za kubuni ili asimjeruhi mtu tena. Hadithi za kubuni hazikutoka. Pombe ikaongezeka. Akalazwa kwa uvimbe mkali wa kongosho, na kitabu cha 2019 kinaeleza kulazwa huko, kikieleza pia jinsi alivyokubali kwamba atarudi kujichora, kwa kuwa ndicho kinachotoka.

Ukimsoma Nagata baada ya Azuma utaona tofauti ya ufundi mara moja. Nyuso ziko karibu. "Nilihisi" ziko nyingi. Katika kitabu cha kwanza rangi ya waridi moja imelala juu ya kila kitu. Kwa vipimo nilivyotaja juu angepaswa kumchosha msomaji, na bado hachoshi, kwa sababu anajikagua kwa ukali kuliko sisi na hajipi upendeleo hata katika kisanduku kimoja. Lakini bei ya kuwaingiza watu wa nyumbani aliilipa hadharani, kitabu baada ya kitabu, na sisi ndio tuliokuwa tukinunua. Kila aliyemwandikia "endelea, tunakungoja" alikuwa anaomba picha nyingine kwenye kadi nyeupe.

## Kuhusu yule askari

Siwezi kumhukumu. Alichokuwa nacho mkononi kilikuwa kadi, si tiba. Pia kuna jambo ambalo wanaocheka na wanaokasirika hulipita haraka: Azuma hakukataa. Miaka mitatu baadaye, akiwa kibarua wa mabomba ya gesi, alichora katuni ya visanduku vinne akaipeleka kwenye jarida la kampuni ya gesi, na ikachapishwa. Alikuwa amekimbia wahariri, makataa, familia na jina lake, halafu akatafuta mahali pa kuchapishwa katikati ya habari za mitaro.

Anayetaka kukisoma na ana uwezo wa kupata toleo la Kijapani la karatasi, avue lile jalada la nje. Ndani yake kuna mahojiano yaliyofichwa, na humo Azuma anazungumzia baadhi ya aliyoyaacha nje ya kurasa. Matoleo yanayozunguka kwenye simu zetu huenda yakayakosa mahojiano hayo kabisa. Yakipatikana, yasomeni mwisho, baada ya kucheka.